Huyu ni Voluti Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutambua Magamba ya Voluti

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye tayari ana gamba mkononi, au picha yake, na anatafuta jina. Maswali mengi ninayopokea huanza na rangi: "Ni jeupe lenye madoa ya kahawia, ni voluti gani?" Nami hujibu swali kwa swali: lilitoka bahari ipi? Wapo wanaoudhika, wakidhani nakwepa. Sikwepi. Ukifika katikati ya ukurasa utaona kwa nini siwezi kuanzia kwingine.

Voluti ni nani hasa?

Ni konokono wa baharini wa familia ya Volutidae. Spishi zilizo hai ni zaidi ya 200, kuanzia wadogo wa sentimita mbili tatu hadi Melo amphora wa Australia, ambaye gamba lake huweza kukaribia sentimita 50. Wote ni wala nyama. Wengi hushinda wamejizika mchangani, kisha giza likiingia hutoka kuwinda kome, chaza na konokono wenzao, wakiwagubika kwa mguu mpana wenye nguvu.

Australia ndiyo yenye utajiri mkubwa wa voluti kuliko mahali pengine popote. Hata hivyo wapo Karibea, Brazili, Afrika Magharibi, Afrika Kusini, Ufilipino, Japani, New Zealand, na chini kabisa kwenye maji baridi ya Patagonia. Afrika Mashariki nayo haikunyimwa: Lyria lyraeformis, mrefu mwembamba mwenye mbavu zilizosimama wima, anajulikana kutoka pwani ya Kenya.

Nitajuaje kwamba ni voluti, si konokono wa familia nyingine?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na si aibu. Mwaka 1758 Linnaeus mwenyewe, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya wanyama, aliwaweka oliva na mitra, ambao ni konokono wa familia nyingine, ndani ya jenasi Voluta (jenasi ni kundi la spishi zilizo karibu) pamoja na voluti wa kweli. Waliokuja baada yake ndio waliotenganisha.

Lisimamishe gamba ncha ikiwa juu na uwazi wake ukikutazama. Chungulia ndani ya uwazi huo, upande wa kushoto. Utaona nguzo ambayo gamba zima limejizungusha juu yake. Wataalamu huiita kolumela. Kwa voluti, nguzo hiyo ina mikunjo iliyotokeza kama matuta madogo, imepanda kwa mshazari. Ikiwa nguzo ni laini kabisa, weka wazo la voluti kando, ingawa kwa spishi chache za maji ya kina kirefu mikunjo hufifia mno.

Mikunjo peke yake haitoshi, maana mitra nao wanayo. Tofauti yao ni mpangilio. Kwa mitra, mkunjo mkubwa ni wa juu, ule ulio karibu na ncha, na inayofuata hupungua ukubwa kadiri unavyoshuka. Kwa voluti huwa kinyume: mikunjo ya chini ndiyo yenye nguvu. Halafu tazama ncha yenyewe. Mitra huchongoka kama sindano. Voluti wengi huishia kwenye kifundo cha mviringo, kama kichwa cha kibiriti au chuchu. Nikiruhusiwa kuangalia vitu viwili tu, ningeangalia hivyo: mikunjo na kifundo.

Oliva hung'aa sana, uwazi wake ni mwembamba, na nguzo yake ina mikwaruzo mingi midogo badala ya matuta machache. Aidha, pale mizunguko inapokutana pana mfereji mwembamba kama uliochorwa kwa ukucha. Koni hana mikunjo, na uwazi wake ni ufa ulionyooka wenye upana karibu sawa toka juu hadi chini. Marjinela ana mikunjo na ana mng'ao, lakini mdomo wake wa nje umevimba na kugeuka kuwa ukingo mnene, nao wengi wao ni wadogo.

Anayewadanganya hata wazoefu ni Turbinella pyrum, konokono mzito wa India na Sri Lanka anayetengenezwa baragumu za ibada. Ana mikunjo minene mitatu au minne, lakini imekaa karibu mlalo katikati ya nguzo, na chini ya gamba kuna mfereji mrefu. Voluti hana mfereji mrefu. Kwake sehemu ya chini hukatika ghafla na kuacha pengo pana la kupitishia mrija wa kupumulia.

Kifuniko kinasaidia?

Kidogo. Voluti wengi hawana kabisa kifuniko, yaani kile kipande kigumu ambacho konokono huzibia uwazi wa gamba lake. Wachache wanacho, kama Voluta musica na Neptuneopsis gilchristi wa Afrika Kusini. Ukimwona mnyama hai akijifungia ndani kwa kifuniko kikubwa kinachoziba uwazi wote, kuna uwezekano mkubwa kwamba si voluti.

Je, voluti ni hatari kushika?

Voluti hawajulikani kuwadhuru watu. Koni ndio hatari. Conus geographus ameua watu, na koni wengine kadhaa huchoma kwa sumu kali. Kwa kuwa anayeanza huweza kumdhania koni kuwa voluti, usishike konokono hai yeyote mwenye umbo la koni eti unataka kuhesabu mikunjo. Kwanza piga picha, mjadala wa jina uje baadaye.

Kwa nini unauliza lilikotoka kabla hata ya kuliangalia?

Kwa sababu ya namna voluti wanavyozaliwa.

Konokono wengi wa baharini hutoa viluwiluwi vinavyoelea na mkondo kwa siku au wiki nyingi kabla ya kutua. Ndiyo maana spishi moja ya kauri unaweza kuikuta Afrika Mashariki na ukaikuta tena visiwa vya Pasifiki. Voluti hawana safari hiyo. Mama hutaga mayai ndani ya vifuko, na mtoto hukulia humo humo mpaka anatoka akiwa konokono kamili mdogo, anayetambaa. Cymbium wa Afrika Magharibi wamekwenda mbali zaidi: watoto hukulia ndani ya mama, wakatolewa wakiwa na magamba yao mgongoni.

Mtoto anayeanza maisha kwa kutambaa hafiki mbali. Mlango wa bahari wenye kina kirefu, au eneo refu la tope kati ya miamba miwili, kwake ni ukuta. Vizazi vinapita, kila kundi likibaki kwake, na polepole linaanza kuwa na sura yake. Mfano unaotajwa sana ni Cymbiola pulchra wa Queensland: mwamba mmoja una wenye madoa makubwa, mwamba wa jirani una waliopauka, na wakusanyaji wamewapa majina chungu nzima. Wengine huyahesabu hayo kuwa majina ya spishi ndogo, wengine huona ni sura tu za spishi moja.

Faida yake kwako ni kubwa. Ukiniambia gamba lilitoka kusini mwa Australia, majina yote ya Karibea, Brazili, Afrika na Japani yamekwisha kuondoka mezani. Chukua gamba jeupe lenye mistari ya kahawia iliyonyooka kutoka juu kwenda chini. Kama ni la pwani ya mashariki ya Australia, Amoria zebra yumo kwenye orodha. Kama ni la kaskazini-magharibi, nitamfikiria Amoria ellioti, aliye mkubwa zaidi na mwenye mistari myembamba. Mistari ikipinda kama mawimbi na gamba likawa la kusini, basi Amoria undulata. Kwenye picha isiyo na mahali, watatu hao hugombaniwa kwa siku nzima. Ukitaja mahali, ubishi hupungua ndani ya dakika moja.

Na kama sijui lilikotoka? Nimelirithi, au nimelinunua.

Basi kubali kuanzia kwenye jenasi na usione haya kusimama hapo. "Cymbiola, spishi haijulikani" ni jibu la heshima kuliko jina kamili la kubahatisha. Jihadhari pia na lebo ya muuzaji. Magamba husafiri mikononi mwa watu wengi, na mara nyingi linaloandikwa ni bandari lilikouzwa, si bahari lilikokuwa. Niliwahi kununua gamba lenye lebo ya nchi moja, nikahangaika nalo miezi kadhaa kwa sababu halikufanana na chochote cha huko. Kumbe lilikuwa voluti wa kawaida kabisa wa upande mwingine wa bahari. Gamba halikuwa na kosa, karatasi ndiyo iliyosema uongo.

Ile ncha ya juu inaniambia nini?

Mengi, na ni sehemu ambayo watu husahau kuipiga picha. Kifundo kile ni gamba alilozaliwa nalo. Kilikwisha kuundwa ndani ya yai, hakibadiliki kwa ukubwa wa mnyama wala kwa chakula alichokula baadaye, na kila jenasi ina mtindo wake.

Livonia mammilla wa kusini mwa Australia ana kuba kubwa la mviringo, kubwa kiasi cha kuonekana halikustahili gamba lililo chini yake. Volutoconus, mmojawapo akiwa Volutoconus bednalli wa kaskazini mwa Australia, wana kifundo chenye kijiti kidogo kilichochomoza kama mwiba. Zidona dufresnei wa Uruguay na Argentina hupakwa tabaka la mng'ao na mnyama mwenyewe mpaka ncha ikageuka kuwa mkuki. Kwa Melo melo huenda usiione ncha kabisa, maana mzunguko wa mwisho umepanda ukaimeza.

Kama ncha imevunjika au imelika, sema hivyo unapouliza. Ncha iliyolika humfanya voluti aonekane mitra, na mitra aonekane kitu kisichokuwepo.

Mikunjo ya nguzo inahesabiwaje?

Tumia mwanga wa pembeni, tochi ya simu inatosha, ukiuelekeza kutoka kulia ili kila tuta litupe kivuli. Hesabu kuanzia chini. Mkunjo wa chini kabisa mara nyingi umeungana na ukingo wa nguzo, na wengi huusahau.

Amoria na Cymbiola kwa kawaida wana minne. Melo kwa kawaida ana mitatu. Voluta musica na ndugu yake Voluta ebraea wana mingi zaidi, ya chini minene na ya juu ikizidi kuwa midogo. Lyria wana miwili au mitatu yenye nguvu chini, kisha vijituta vyembamba kuelekea juu. Kukosea kwa mkunjo mmoja kusikutie wasiwasi, kwa sababu hata ndani ya spishi moja idadi hucheza. Lakini ukipata tisa ulikotarajia minne, rudi mwanzo.

Basi rangi na michoro havina kazi?

Vina kazi, ila viitwe vikiwa mashahidi wa mwisho.

Kuna voluti ambao mchoro wao ni saini. Voluta musica wa Karibea ana mistari myembamba sambamba inayolizunguka gamba, na juu yake vidoa vyeusi, mfano wa noti zilizoandikwa kwenye karatasi ya muziki. Jina lake lilitoka huko. Scaphella junonia wa Florida na Ghuba ya Mexico ana madoa ya kahawia ya mraba yaliyopangwa kwa safu kwenye rangi ya maziwa. Anaishi kwenye maji ya kina, hivyo kumwokota ufukweni ni bahati, na wakazi wa kisiwa cha Sanibel hulitangaza tukio hilo kama habari. Volutoconus bednalli ana wavu wa mistari ya rangi ya chokoleti ambao ukiuona mara moja huusahau tena.

Upande wa pili kuna Cymbiola vespertilio wa Ufilipino hadi kaskazini mwa Australia. Jina maana yake popo, kwa Kilatini. Huyu ana pembe za zigizaga, au hana. Ni wa kijani cha zeituni, au wa kahawia, au wa manjano, au karibu mweusi. Begani, yaani pale mzunguko wa gamba unapopinda kuelekea ncha, ana miiba mikali, au vinundu butu, au bega laini. Weka magamba ishirini yake mezani na mgeni ataapa kwamba ni spishi sita. Kinachowaunganisha ni umbo la jumla, kifundo cha ncha na ile mikunjo minne. Nikiona gamba la Ufilipino ambalo "halimo kwenye kitabu chochote", mtu wa kwanza kumshuku ni huyu.

Rangi pia hufa. Gamba lililokaa juani hupoteza kwanza wekundu na urujuani, kisha hubaki na kahawia hafifu. Madoa ya mafuta, kutu ya chuma na mwani hujifanya michoro. Usijenge jina juu ya doa ambalo limetokea upande mmoja tu.

Gamba langu ni kubwa kama bakuli. Ni Melo?

Labda. Magamba makubwa yaliyovimba yako katika makundi kadhaa, na mahali panayatenganisha vizuri.

Kutoka Asia ya Kusini-Mashariki hadi Australia, fikiria Melo. Wakazi wa asili wa Australia waliyatumia kubebea maji, na mabaharia wakayafanya upo wa kukumba maji chomboni. Ndani ya jenasi hiyo tazama bega. Melo melo, wa bahari ya kusini mwa China na jirani zake, hana miiba, ni wa manjano au rangi ya chungwa, na ncha yake imefunikwa. Ndiye anayetoa lulu za rangi ya chungwa zisizo na ule mng'ao wa upinde wa mvua wa lulu za chaza. Melo amphora wa Australia kwa kawaida ana miiba, na ncha inaonekana katikati yake. Melo aethiopica ana taji la miiba mingi mifupi iliyosongamana. Jina lake limewapoteza wengi: huyo si wa Ethiopia wala wa Afrika, ni wa Indonesia na New Guinea. Kuna pia Melo miltonis wa kusini-magharibi mwa Australia, mwenye michoro mizito ya kahawia na miiba iliyoinamia ndani.

Kutoka Afrika Magharibi, hilo ni Cymbium. Hana miiba, na kilele chake kimebonyea kama kilichokatwa, kikizungukwa na ukingo. Nchini Senegal na kwa jirani zake konokono hawa huliwa sana. Vitabu vya zamani vimewahi kuwaita Melo kwa jina la Cymbium, kwa hiyo lebo kuukuu yenye jina hilo isikufanye uhame bara.

Kutoka Argentina, Uruguay au kusini mwa Brazili, mtazame Adelomelon beckii, mrefu mwenye mnara uliosimama wazi, naye anaweza kufika nusu mita. Na ukiwa kusini mwa Australia na kuba kubwa juu ya ncha, rudi kwa Livonia mammilla niliyemtaja hapo juu.

Uwazi wa gamba langu uko kushoto. Ni spishi adimu?

Kwanza hakikisha picha haikugeuzwa na kamera. Za kujipiga mwenyewe hugeuza kila kitu. Kama kweli ncha ikiwa juu uwazi uko kushoto, una gamba lililojizungusha kinyume, jambo la nadra. Kwa voluti hutokea mara chache chache kwa mnyama mmoja mmoja, na Cymbiola vespertilio ni kati ya wanaojulikana kwa hilo. Si spishi nyingine.

Linang'aa mno. Limetengenezwa?

Amoria hung'aa wenyewe, kama kigae kilichotoka tanuri, kwa hiyo mng'ao peke yake si hatia. Kinachonitia shaka ni mng'ao kwenye spishi ambayo haipaswi kuwa nao, au mng'ao ulioingia hadi kwenye makovu na mashimo. Pitisha kucha kwenye mdomo wa nje. Mdomo uliopigwa tupa huwa na ukingo bapa uliokatika, na mistari ya ukuaji huishia ghafla badala ya kwenda sambamba nao. Tindikali huacha uso kama sabuni na kula vinundu vya bega, na hapo alama uliyoihitaji imekwenda. Kwa sababu hiyo hiyo, usilisafishe gamba lako kwa tindikali ya aina yoyote. Maji, mswaki laini na subira vinatosha.

Gamba ni dogo na mdomo wake ni mwembamba kama karatasi.

Ni mtoto. Mkubwa hunenepesha mdomo, mtoto bado anajenga. Miiba na bega la mtoto havifanani na vya mzazi, na mikunjo huweza kuwa hafifu. Lakini kifundo cha ncha ni kile kile maisha yote, kwa hiyo shikilia hicho. Pima pia kipenyo chake kwa milimita ukiweza, kisha ulinganishe na cha gamba la mkubwa.

Nipige picha gani ili nisaidiwe?

Nne. Ya mbele, uwazi ukiangalia kamera. Ya mgongoni. Ya juu, kamera ikiitazama ncha wima. Na ya karibu ya nguzo, mikunjo ikionekana na kivuli chake. Weka rula ndani ya fremu, si sarafu, maana sarafu za nchi yako huenda msomaji hajawahi kuziona. Urefu hupimwa kutoka ncha ya juu hadi mwisho wa chini wa gamba, kwa milimita. Mwanga wa dirishani unashinda wa kamera. Usilishike gamba mkononi. Vidole hufunika bega kila mara, sijui kwa nini hulipenda hivyo.

Programu ya simu imenipa jina tayari. Niliamini?

Lichukue kama dokezo. Programu hizo huona rangi na umbo la nje, yaani yale mambo mawili ambayo voluti hudanganya kwayo. Ndani ya uwazi hazichungulii, na mahali hazipati usipoyataja. Ikikwambia Voluta musica kwa gamba uliloliokota Australia, programu imekosea, haijalishi inajiamini kwa asilimia ngapi.

Kwa nini jina la mtu na mwaka mara huwekwa kwenye mabano, mara hapana?

Voluta musica Linnaeus, 1758 haina mabano kwa sababu Linnaeus alimweka kwenye Voluta na bado yumo humo. Cymbiola vespertilio (Linnaeus, 1758) ina mabano kwa sababu alipomtaja mara ya kwanza alimwita Voluta vespertilio, kisha wengine wakamhamisha jenasi. Mabano si pambo. Yanakuambia kwamba kwenye vitabu vya zamani utamkuta chini ya jina lingine, na hilo huokoa muda.

Vitabu viwili vinatoa majina mawili kwa gamba moja.

Hutokea sana kwa voluti, kwa sababu ya ile miamba na makundi yake. Angalia hifadhidata ya MolluscaBase, ambayo huonyesha jina linalokubalika sasa na yale yaliyounganishwa nalo. Mwanzoni mambo haya hukasirisha. Baadaye utaona kwamba majina yote mawili mara nyingi yanazungumzia mnyama yule yule, na mzozo uko juu ya mahali pa kuchora mpaka.

Nimeokota kitu kama nanasi la vifuko vya uwazi. Au mpira laini wenye maji.

Mnara wa vifuko vilivyoshikamana kama nanasi, katika bahari za Melo, ni mayai ya Melo. Mipira laini ya uwazi isiyoshikamana na kitu, kwenye fukwe za Argentina na Uruguay, ni vifuko vya Adelomelon brasiliana, ambaye huviacha huru badala ya kuvigandisha mwambani. Ukivimulika utaona konokono wadogo ndani. Virudishe majini.

Naweza kumchukua akiwa hai ili nimtambue vizuri zaidi?

Sheria hutofautiana toka pwani hadi pwani, zisome kabla hujagusa. Lakini hata panaporuhusiwa, kumbuka mtoto anayetambaa. Mwamba ukishatolewa voluti wake, hakuna viluwiluwi vitakavyoletwa na mkondo kuziba pengo. Gamba tupu lina mikunjo, ncha, bega na mchoro. Kwa kazi ya kutafuta jina, nyama karibu haikuongezei kitu, isipokuwa wewe ni mtafiti unayechunguza meno ya ulimi au vinasaba.

Gamba limekuwa jiwe, halina rangi.

Voluti wameishi tangu enzi za dinosaria, na kwenye miamba ya Eosini, takriban miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita, wako wengi, kwa mfano Barton kusini mwa Uingereza na kwenye bonde la Paris. Rangi imekwenda, kwa hiyo utafanya kazi kwa mbavu, miiba, mikunjo na umri wa mwamba. Ajabu ni kwamba hii hurahisisha: huna cha kukudanganya. Ukitaka kuona sura ya kale ikiwa bado hai, mtafute kwenye picha Volutocorbis abyssicola wa maji ya kina ya Afrika Kusini, mwenye mbavu zilizokatizana kama kikapu.

Jina nimelipata. Niandike nini kwenye lebo?

Mahali kwanza, kwa undani wote unaoujua: ufukwe, kisiwa, nchi. Kisha tarehe, kina cha maji, aina ya sakafu, na kama gamba lilikuwa tupu au lilikuwa na kaa ndani, kwa sababu kaa wanaoishi katika magamba ya konokono huyabeba mbali na alikofia mwenyewe. Kisha jina lako. Jina la voluti liandike mwisho, kwa penseli.